Katoyi: Dawa ya mgongo inayoweza kuchosha figo

GOMA – Katika kata ya Katoyi, komini ya Karisimbi, siku huanza na bidoni. Moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na njia ni ya mawe ya volkeno. Jioni mgongo unauma. Mbeba maji na msukuma chukudu wanajua pa kwenda: farmasi ndogo iliyo karibu, ambako vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni hupatikana bila karatasi ya daktari.

Wengi husema ni "mafigo" yanayouma. Mara nyingi ni misuli tu. Lakini vidonge hivyo vikimezwa kila siku kwa miezi vinaweza kweli kuziumiza figo, kwa sababu hupunguza damu inayofika humo. Hatari huongezeka kwa mzee, mwenye presha au kisukari, na kwa aliyepungukiwa maji mwilini kwa kuhara, jambo lisilo geni katika mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara.

Ubaya wa figo ni kwamba huchoka bila kusema. Utafiti uliofanyika Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa, na karibu wote hawakuwa na habari. Miguu inapovimba, mkojo unapotoa povu na mwili unapowasha, huenda kazi ya figo imeshuka sana. Ikiwa chini ya 15 kwa 100, mgonjwa huanza kuhesabiwa miongoni mwa wanaohitaji mashine ya kusafisha damu.

Na mashine ina masharti yake. Kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, kwa umeme usiokatika na zaidi ya lita 100 za maji yaliyosafishwa. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipofika Goma na mji ukaingia mikononi mwa M23, wakaaji walikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Benki nazo zikafunga milango. Mwenye malaria anaweza kupata dawa yake siku hiyohiyo akapona. Anayetegemea mashine hawezi kungoja wiki mbili.

Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ya mashine. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyo ndani ya samaki wakavu na kube za supu. Kwa mgongo, parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Ushauri wa mitaani wa kunywa maji mengi "kuosha figo" usifuatwe na aliyekwisha kuvimba. Kwake maji hayo yanaweza kuishia mapafuni.

Vipimo vya kuanzia ni vitatu: presha, mkojo na kreatinini katika damu. Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Namba moja haisemi mengi. Ikirudiwa baada ya miezi mitatu, daktari anaweza kuona kama figo zinashuka au zimetulia.