Sauti Tatu Zilizobaki Katika Tarakilishi ya Nyumbani



Usiku mmoja baada ya Isha, zikiwa zimebaki wiki mbili Ramadhani kuingia, niliifungua tarakilishi yetu ili niangalie maagizo ya wateja, nikakuta majina ya majalada yote yamebadilika. Kila moja lilikuwa limeongezwa herufi nisizozielewa, na katikati ya kioo palikuwa na tangazo la Kiingereza lenye kudai pesa. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili wakati huo, alilisoma mara mbili kisha akaniambia taratibu, "Mama, tumefungiwa."

Daftari la maagizo ningeweza kuliandika upya. Picha nyingi zilikuwamo pia katika simu za jamaa. Kilichonikosesha usingizi ni rekodi 14 za mamangu. Mwaka mzima nilikuwa nikimwekea simu kando ya mbuzi ya kukunia nazi, naye akieleza mapishi ya kwao Lamu, nasaba ya ukoo, na hadithi alizosimuliwa na bibi yake. Kisha akapatwa na kiharusi. Alhamdulillah yuko hai, tunakula naye na kucheka naye, lakini ulimi wake haujarudi kwenye masimulizi marefu. Rekodi zile nilikuwa nimezihamisha na kuzifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Zilikuwa mahali pamoja tu.

Kirusi kiliingiaje? Jibu lake linaniaibisha, ila nitalisema, kwani najua nyumba nyingi zina hali kama yetu. Tarakilishi tuliinunua ikiwa imeshatumika, na fundi akatutilia programu ya kuandikia na kuhesabia iliyovunjwa kufuli. "Hiyo ni bure, mama," alisema, nami nikamshukuru. Kila baada ya miezi kadhaa programu ilianza kudai leseni, na mwanangu akawa anapakua kijiprogramu cha kuinyamazisha. Ili kijiprogramu hicho kifanye kazi, sharti kwanza kinga ya virusi izimwe. Yaani mlango tuliufungua wenyewe, kwa mikono yetu.

Tena haikuwa bure. Ilikuwa mali ya mtu. Katika kikao cha Kuwait cha Desemba 1988, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Mimi ambaye siwezi kuokota nazi ya jirani bila idhini, sikuwahi kuifikiria programu kwa jicho hilo.

Aliyetunusuru ni mpwa wangu anayesomea tarakilishi chuoni. Alinishauri nisilipe hata senti, kwa kuwa mwizi hana ahadi ya kuaminika. Akaifuta diski yote na kuweka mfumo uitwao Linux Mint, ambao unatosheka na kumbukumbu ya GB 4 tuliyo nayo. Nilipomuuliza kama hii nayo imeibwa, alicheka. "Mama mdogo, hii si bure tu, ni huru."

Waingereza wana neno moja kwa maana hizo mbili, na limewachanganya miaka mingi. Sisi lugha yetu imeshazitenganisha. Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka wa 1983, alichokitaka ni programu ambayo mtu ana ruhusa kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza ndani, kuibadilisha, na kumgawia mwenzake. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akaandika kiini cha mfumo, Linux, na vipande hivyo viwili vikaoana. Kumgawia jirani nakala hapa si wizi. Mwenye mali mwenyewe ameruhusu. Kwa sababu ya ruhusa hiyohiyo ya kubadilisha, mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bila kusubiri kampuni yoyote ione kama sisi ni soko.

Tunayoitumia leo ni LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice hiyo mwaka wa 2010. Ndani yake namna jedwali la biashara yangu ndogo ya jikoni: unga, mchele, sukari, nazi, iliki, makaa, na nauli ya kijana wa bodaboda. Ramadhani ile nilikuwa naandika kila kitu upya, na jedwali likanionyesha jambo ambalo daftari la karatasi lilinificha miaka mitatu: mkate wa sinia, ambao wateja wangu wanausifu kuliko vyote, ulikuwa haunipi faida. Nazi na makaa viliumeza. Nikaongeza bei kidogo, na waliolalamika ni shoga zangu wawili tu, ambao hata hivyo hununua kwa deni.

Sitawadanganya kuwa mambo yote yalikwenda laini. Kichapishi kiligoma siku mbili. Mchezo wa mpira wa mwanangu haukukubali kabisa, akanuna. Na kazi ya shule iliyotengenezwa kwa programu nyingine wakati mwingine hufunguka majedwali yake yakiwa yamekwenda upande. Kwa hivyo tukituma kitu nje ya nyumba tunakihifadhi kwanza kama PDF. Kwa video za harusi zilizo kwenye diski za zamani, VLC inazicheza bila kuuliza swali. Programu hiyo ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka wa 1996, na haina tangazo hata moja; kwa mama mwenye watoto wadogo, hilo pekee ni neema.

Nalitaja tangazo kwa makusudi. Zipo programu za bure zisizokuwa huru hata chembe, na malipo yake ni habari zetu. Novemba 2020 chombo cha habari cha Marekani, Motherboard, kiliripoti kwamba data za mahali walipo watumiaji wa programu moja mashuhuri ya nyakati za sala zilikuwa zikifika kwa kampuni ya kuuza data, ambayo wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Tangu niliposoma habari hizo, simu yangu haipewi ruhusa ya kujua nilipo kwa ajili ya sala. Nimeandika jina la mji kwa mkono, na adhana haijachelewa.

Tuirudie habari ya mamangu. Rekodi 11 zimepotea. Tatu zilibaki kwa sababu moja tu: niliwahi kumtumia dada yangu aliye Maskati, naye si mtu wa kufuta ujumbe. Alizirudisha usiku uleule akilia. Lakini zilikuwa zimerekodiwa mchana wa kaskazi, feni ikivuma juu ya vichwa vyetu, na maneno mengine yalimezwa na uvumi ule.

Mpwa wangu akanifunza Audacity, programu huru ya sauti. Kazi yenyewe si ngumu. Unatafuta sekunde chache ambazo mama amenyamaza na feni peke yake inavuma, unaziteua, unaiambia programu iujifunze uvumi huo. Kisha unateua rekodi nzima na kuamuru upunguzwe. Mara ya kwanza nilipunguza kupita kiasi, sauti ya mama ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Nikarejea nyuma, nikapunguza kidogo kidogo, siku tatu baada ya watoto kulala. Rekodi za asili sikuzigusa. Sasa nakala moja iko katika tarakilishi, moja katika flashi kabatini mwangu, na moja nyumbani kwa kaka yangu Malindi.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana nilimwekea mamangu vipaza sauti vya masikioni, nikamfungulia rekodi ya mkate wa mofa. Alisikiliza huku amefumba macho. Sauti yake ya zamani ilipofika kwenye unga na kutaja vibaba viwili, aliyafumbua ghafla, akatikisa kichwa, akaninyooshea vidole vitatu.

Nimelifungua jalada na kuandika: vitatu.