Mafigo ya Mwenye Kisukari Yapimwe Kila Mwaka

Ndugu wanachama, msimu unapokaribia kila mtu hushughulika na majamvi, magunia na wachumaji, akausahau mwili wake. Miongoni mwetu wamo wenye maradhi ya kisukari, na kwa hao twapenda kusema juu ya kipimo kimoja cha mkojo.

Figo ni chujio. Kila figo lina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, navyo hutoa taka katika damu na kuzuia vyenye manufaa visipotee. Kimojawapo ni protini iitwayo albumini. Sukari ikizidi kwa miaka, hasa ikiandamana na presha, vichujio huharibika na albumini huvuja katika mkojo. Mgonjwa hasikii maumivu, wala mkojo haubadiliki rangi. Miguu ikija kuvimba, mara nyingi uharibifu umekwisha kuwa mkubwa.

Mwaka 1963 Harry Keen na mwenzake, huko London, walieleza njia ya kupima albumini kidogo sana. Mwaka 1982 Viberti, Keen na wenzao wakaonyesha kwamba kiasi hicho kidogo hutangulia ugonjwa wa figo kwa wagonjwa wanaotegemea insulini.

Kipimo kinachotakiwa hulinganisha albumini na kreatinini. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu moja ya kreatinini ni kawaida. 30 mpaka 300 ni onyo. Kupita 300 ni hatari zaidi. Kijiti cha kawaida cha kuchovya huweza kulikosa onyo hilo. Basi mwanachama akiambiwa mkojo wake ni safi, na aulize ni kipimo gani kilichotumika.

Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe tangu anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza aanze baada ya miaka 5. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Usiupeleke ukiwa na homa, wala siku inayofuata kazi ya sulubu kama kubeba magunia, kwani hayo hupandisha albumini kwa muda. Nasi twajua kuwa gunia halihukumiwi kwa konzi moja: majibu yakiwa juu, kipimo hurudiwa, na mawili katika matatu yakikubaliana ndani ya miezi 3 mpaka 6, ndipo hukatwa shauri. Kreatinini ya damu nayo ipimwe, maana wako ambao mafigo yao hudhoofika bila ya albumini kuonekana.

Ugonjwa ukishikwa mapema, yapo ya kufanya. Sukari na presha zishushwe. Dawa za presha kama kaptoprili na losatani zilithibitika, mwaka 1993 na 2001, kuchelewesha kuharibika kwa mafigo. Ama dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, usizitumie bila ya kumwuliza daktari, kwani huweza kudhuru figo.

Wako wasemao kwamba maji ya karafuu yatosha. Sisi tuuzao karafuu tungefurahi kama ingekuwa hivyo, lakini hatuwezi kumshauri mwenzetu aache dawa zake kwa ajili hiyo.

Karafuu isiyochumwa kwa wakati wake huchanua mtini, na thamani yake hupungua. Mafigo nayo yana wakati wake. Kila mwenye kisukari na aende kupima kabla ya pilikapilika za msimu kuanza.