Msimamo wa Akili ni Kufuata Dalili

Ndugu Waislamu,

Mwenyezi Mungu ametupa akili ili tuitumie umri wetu wote, si siku moja tu. Basi twauliza: je, mtu akibadili rai yake amekosa msimamo?

Tumtazame Imamu Shafi'i, ambaye wengi wetu wa mwambao twafuata madhehebu yake. Alizaliwa mwaka 150 Hijria. Alipokuwa Iraq alitoa rai zake zikaandikwa. Alipohamia Misri alizipima upya, akabadili nyingi, na huko akafariki mwaka 204. Wanazuoni huziita kauli ya kale na kauli mpya. Rai zilibadilika, msingi wa kufuata dalili haukubadilika.

Wala upya peke yake si hoja. Kwa kauli mpya, wakati wa Magharibi ni mfupi: kadiri ya kutawadha, kuadhini, kukimu na kusali. Kwa kauli ya kale, huendelea mpaka wekundu wa machweo utoweke. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo hayo aliyefariki mwaka 676, aliipa nguvu ile ya kale kwa kuwa Hadithi sahihi zaiunga mkono.

Basi baba aliyekata shauri nyumbani, kisha haki ikambainikia, na airejee. Hiyo si aibu. Aibu ni kugeuka kwa hasira, kwa fedha, au kwa kuogopa watu. Kila tubadilipo neno tujiulize: ni dalili iliyotugeuza, au ni matamanio?

Mwenyezi Mungu atuoneshe haki, na atujaalie kuifuata. Amin.