Maji Yakipwa, Skuli Huanza

Aghalabu wanafunzi wa skuli za msingi wanapotolewa matembezini hupakiwa ndani ya basi alfajiri, hupelekwa mahali penye sifa, hupigwa picha, hulishwa wali, kisha hurejeshwa makwao jua likichwea, wachovu na wenye furaha tele, ilhali katika miti, wanyama na maji waliyoyapita hawakuambulia ila majina mawili matatu yaliyokwisha kuandikwa ubaoni wiki iliyotangulia. Si haramu kumfurahisha mtoto. Walakini safari ya kwenda kuwasoma viumbe katika makao yao ina adabu na taratibu zake, na atakaye kuziona zikitendeka na akitazame kisiwa kidogo cha Chumbe, kilichoko kiasi cha kilomita 12 kusini magharibi ya mji wa Unguja.

Kwa miaka mingi mabaharia walikijua kisiwa hiki kwa mnara wake wa taa, uliojengwa mwaka 1904. Matumbawe ya upande wake wa magharibi yalibahatika kusalimika na nyavu za kukokota na baruti zilizoharibu kwingine, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikayatangaza kuwa hifadhi. Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyeuasisi mpango huo, alikusudia kwamba fedha wanazolipa wageni walalao kisiwani zisaidie kuwafundisha watoto wa Zanzibar, na wavuvi wa vijiji vya jirani wakafunzwa kazi ya ulinzi wa hifadhi. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo busara kubwa kuliko zote, maana mtu aliyeitegemea bahari kwa riziki yake husikilizwa na mtoto wa mvuvi kwa namna ambayo mwalimu mwenye shahada zake hawezi kuipata.

Mashua huondoka Mbweni. Huenda msomaji wa bara akastaajabu kuambiwa kwamba watoto wengi waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni hawajui kuogelea, na wasichana ndio zaidi. Basi hupewa vifaa vya kuelea na miwani ya kutazamia chini ya maji kabla ya kuingia baharini. Wazazi wengine husitasita, na kusita kwao kuna haki: mwalimu mwenye hekima huzungumza nao mapema, na suala la mavazi ya stara hulitengeneza kabla halijawa ugomvi.

Mtoto akishainamisha uso majini hutulia ghafla. Lile alilolidhania jiwe huambiwa kuwa ni kazi ya wanyama wadogo mno waishio kwa maelfu pamoja, kila mmoja akijijengea kijumba cha chokaa, na kwamba ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huugeuza mwanga wa jua kuwa chakula na kumgawia mwenyeji wake. Bahari ikizidi joto, mimea hiyo hutolewa na matumbawe yakabaki meupe, na hali hiyo ikidumu hufa, kama ilivyotokea sehemu nyingi za Bahari ya Hindi mwaka 1998. Kisha hupita pono, samaki ambaye mtoto huyu amemla kwenye mchuzi mara nyingi asimjue zaidi ya hapo, na akinyamaza kidogo atausikia mlio wa meno yake, mfano wa mtu atafunaye kashata: pono huparuza mwani uliogandama kwenye mwamba, husaga na chokaa yake, na chokaa hiyo hutoka tumboni mwake ikiwa mchanga mweupe. Sijapata kuona kitabu cha darasa la nne kinacholieleza jambo hili hata nusu ya vile.

Msituni, juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yuko kaa mkubwa apandaye minazi, ambaye mchana hujificha mashimoni na uzito wake huweza kufika kilo 4. Jike huyapeleka mayai baharini; vitoto huelea majini kwa muda wa wiki kadhaa, hujitwalia makombe matupu kuwa nguo, hatimaye hupanda nchi kavu na kuyaacha, na akishapevuka kaa huyu hufa maji akizamishwa. Watoto hucheka sana wakisikia habari za kaa asiyejua kuogelea, na waliovaa vifaa vya kuelea hucheka kuliko wote. Lakini wameshafahamu kwamba ukikata msitu au ukichafua bahari, kwa vyovyote umemwondolea makao.

Kisiwa hakina kisima wala mto, kwa hiyo mapaa ya nyumba za wageni yameundwa kukinga mvua. Watoto huonyeshwa na vyoo visivyotumia maji, jambo ambalo huzua maswali mengi kuliko samaki wote.

Lililobaki ni la mwalimu mwenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji ya Unguja hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, yakaacha madimbwi yenye viti vya pweza na majongoo ya bahari, ambayo mtoto aweza kuyachungulia bila ya kuzamia. Siku za maji mafu hayo yote hufunikwa. Ratiba ya mitihani haitazami mwezi. Basi kabla ya kumwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba ruhusa, na amwulize mvuvi maji yatapwa lini.