Kinachobaki Ndani ya Katheta

Mgonjwa wa figo kutoka mtaa wa Rhonda anayesafishwa damu katika hospitali kuu ya Nakuru, ile ambayo wengi bado huiita PGH, hukaa kwenye mashine muda wa saa nne hivi, kisha hupanda matatu na kurudi nyumbani. Katheta (mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa) iliyo shingoni au kifuani huenda naye. Kwa siku mbili tatu zinazofuata haitumiki, na hapo ndipo hatari ya kuziba hukaa.

Katheta hiyo ina njia mbili: yenye alama nyekundu huvuta damu, ya buluu huirudisha. Ncha yake hufika karibu kabisa na moyo. Damu ikituama ndani yake huganda, mashine hulia kengele kila mara, na mgonjwa huondoka bila kusafishwa ipasavyo. Kuweka nyingine si jambo jepesi, kwa sababu mishipa mikubwa ni michache na kila katheta inaweza kuacha kovu linalouziba mshipa wenyewe.

Muuguzi hufanya kazi mbili ambazo wagonjwa wengi hudhani ni moja. Kwanza huosha njia kwa maji ya chumvi ya hospitali, yaani sodiamu kloraidi ya asilimia 0.9, akitumia sirinji ya mililita 10 au zaidi, maana sirinji ndogo hutoa shinikizo kali mno. Husukuma kidogo, husita, husukuma tena, ili maji yazunguke na kung'oa damu iliyoshika ukutani. Naamini hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayoharakishwa foleni ikiwa ndefu. Dawa ghali haiokoi njia iliyooshwa kwa pupa.

Baada ya hapo hujaza dawa ya kufungia, ambayo mara nyingi ni heparini. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye katheta yenyewe, kwa kawaida mililita moja na nusu hadi mbili kwa kila njia. Hebu tupige hesabu. Heparini ya yuniti 5,000 kwa mililita, mililita mbili kila upande, ni yuniti 20,000 zilizolala karibu na moyo. Zikisukumwa mwilini zote kwa pamoja, mtu anaweza kuvuja damu vibaya. Ndiyo sababu dawa ya juzi huvutwa nje na kutupwa kabla ya kuunganisha mashine, na ndiyo sababu kliniki ya mtaani isiitumie katheta hiyo kuweka dripu, hata mshipa wa mkono ukikataa kuonekana.

Je, heparini ni ya lazima? Kwa katheta nyingi za wagonjwa wa saratani na wale mahututi, tafiti hazijaonyesha tofauti kubwa kati yake na maji ya chumvi pekee. Kwa katheta nene za kusafishia damu, heparini bado ni desturi, na mshindani wake ni sitreti ya asilimia 4. Hiyo hushika kalsiamu ambayo damu huihitaji ili igande. Tena haitokani na mnyama, ilhali heparini hutengenezwa kutoka utumbo wa nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuliuliza. Lakini asilimia isomwe vizuri: mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufa alipowekewa sitreti ya asilimia 46.7. Kalsiamu ikishuka ghafla, moyo unaweza kusimama.

Heparini haiui bakteria, na hao ndio adui mkubwa kuliko kuganda kwa damu. Ili wasiingie, katheta ikae kavu. Rhonda, ambako maji ya mtungi ni jambo la kawaida, kuoga kwa beseni kunamfaa mgonjwa huyu kuliko bafu la mvua, mradi bandeji isilowe. Vifuniko visifunguliwe nyumbani, wala mtu asijaribu kuzibua njia mwenyewe. Mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya katheta kuoshwa au mashine kuwashwa, amwambie muuguzi papo hapo. Huenda bakteria waliokuwa wamejificha ndani ya katheta wamesukumwa kwenye damu, na damu ya kupimwa inapaswa kuchukuliwa kabla ya dawa za viuavijasumu kuanza.