Dramu za umeme jukwaani: kigumu ni spika, si pedi

Dramu ya umeme haina sauti yake. Chini ya kila pedi kuna kihisio cha piezo, kipande kidogo kinachozalisha umeme kikibanwa au kutikiswa, tabia ambayo ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha mwaka 1880. Umeme huo hafifu hukimbilia kwenye moduli, ambayo hupima ukali wa pigo na kutoa sauti inayolingana nalo. Kuanzia hapo kila kitu kiko mikononi mwa fundi mitambo.

Ndiyo maana makanisa na bendi za hotelini huzipenda. Katika ukumbi mdogo wenye sakafu ya vigae, snea ya kawaida humfunika mwimbaji na kuingia hadi kwenye maikrofoni yake. Ya umeme hupunguzwa kwa kitufe.

Lawama za zamani zilihusu mikono. Simmons SDS-V ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1981 na pedi zake za pembe sita, ilikuwa ngumu kiasi cha kuumiza vifundo vya wapigaji. Mwaka 1997 Roland walitoa TD-10, yenye ngozi ya wavu inayorudisha fimbo vizuri. Lawama za leo ni za jukwaani, na nyingi si kosa la dramu.

Tuanze na masikio ya mpigaji. Kwenye dramu za kawaida, sauti iko mbele ya kifua chake. Hapa anategemea monita. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo monita iliyowekwa mita 3 kutoka kwake humchelewesha kwa karibu milisekunde 9, juu ya zile chache ambazo moduli yenyewe hutumia. Mpigaji husema moduli ni nzito, kumbe spika iko mbali. Isogezwe hadi karibu na kiti chake, au avae hedifoni. Tena iwe spika kamili yenye besi; amplifaya ya gitaa haikutengenezwa kwa kazi hii. Hata upande wa wasikilizaji, bila sabufa nzuri besi dramu hubaki mlio wa juu tu, na watu wa mstari wa mbele huishia kusikia fimbo zikigonga plastiki.

Kisha kuna waya. Moduli nyingi za bei nafuu zina matundu mawili tu ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Fundi akitaka kuongeza besi dramu peke yake, hawezi. Ataongeza na matoazi. Ujanja ni kupeleka besi dramu na snea upande wa kushoto, vingine vyote kulia, halafu kila upande uingie kwenye chaneli yake ya mikseta na kutoka katikati. Wasikilizaji hawatapoteza kitu cha maana. Na kama waya wa kwenda kwenye mikseta ni mrefu, pitisha kwanza kwenye kisanduku cha DI, la sivyo utavuna mvumo usiku kucha.

Kihisio hakichagui mtikisiko. Sabufa ikiwekwa juu ya jukwaa la mbao, inaweza kuitikisa fremu hadi tomu ijipige yenyewe katikati ya wimbo wa taratibu. Ishushe sabufa chini, tandika zulia zito chini ya dramu, kisha pandisha kidogo kiwango cha chini cha pigo ambacho moduli inakubali. Ukipandisha mno, mapigo laini ya snea yatapotea, na mpigaji mzuri atakuchukia kwa haki.

Matoazi ndiyo bado yananishinda kuyasifu. Kwenye sebene, ambako hai-hati haipumziki, pedi ya mpira huchosha sikio haraka. Mseto hufaa zaidi: matoazi halisi na snea halisi, kisha besi dramu na tomu za umeme.

Umeme ukikatika, ngoma ya ngozi inaendelea, ila moduli inazima na huchukua muda kuwaka tena hata jenereta ikishapokea. UPS ndogo inatosha kwa moduli na mikseta, maana vyote viwili havili umeme mwingi. Kwa hiyo, wewe mwenye bendi unayepanga bajeti, gawa fedha zako hivi: nunua seti ya kati, na tofauti iliyobaki iende kwenye monita, sabufa na UPS. Seti ya bei kubwa iliyounganishwa na spika mbovu itatoa sauti mbovu.