Saa ya majira inayosimama, na bado inauzika

Nilipoanza kuuza saa za mtumba mtandaoni, mteja alinirudishia Seiko 5. "Dada, umeniuzia mbovu. Nimeivua Ijumaa, Jumapili nakuta imesimama." Nikarudisha hela, na boda nikalipa mimi. Kumbe saa nzima kabisa! Haina betri, inajijaza mkono ukitembea. Ukiilaza kabatini siku mbili, inasimama.

Siku hizi naandika mapema kwenye tangazo: hii inaweza kukosea hata nusu dakika kwa siku. Ukitaka usahihi chukua ya betri, hiyo inakosea sekunde chache tu kwa mwezi. Nilidhani nitafukuza wateja. Wapi! Wanaokusanya saa, muda wanaangalia kwenye simu. Wanachotaka ni mshale wa sekunde unaoteleza badala ya kuruka, na gurudumu dogo linalocheza ndani kama moyo.

Kwa hiyo usipige picha ya uso tu. Kama nyuma kuna kioo, igeuze, rekodi video fupi sehemu tulivu, mlio usikike. Kama ni chuma, acha. Mimi nilibandua kifuniko kwa kisu nioneshe mashine, kikachubuka, bei ikashuka palepale.